Mbwa wangu amewakimbiza kondoo lakini hakumng'ata hata mmoja. Nina kosa?

Swali: "Daktari, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, naishi Sheffield, Uingereza. Nina mbwa wa miaka miwili, Bobi, chotara wa husky na sijui nini. Mwezi Februari tulikuwa kwenye hifadhi ya taifa ya Peak District, yenye milima, tunatembea kwenye njia ya wapita kwa miguu inayokatiza malisho ya watu. Kondoo walikuwa mbali, wakubwa watupu, mwanakondoo hata mmoja sikumwona, nikaona hakuna neno, nikamfungua Bobi kamba. Akawafuata. Aliwazungusha shamba zima kama dakika tano, mmoja akaanguka mtaroni akainuka tena. Bobi akarudi ulimi nje, mdomoni hana damu. Mwenye shamba alitokea kwa mbali akipiga kelele kwamba angekuwa na bunduki yake angemmaliza. Niliogopa, nikaondoka. Mume wangu anasema hakuna aliyeng'atwa, kwa hiyo hakuna kesi. Jirani yangu Mwingereza anasema mbwa akishaonja utamu wa kukimbiza kondoo, dawa yake ni sindano ya kufa. Kwa babu yangu, nje kidogo ya Arusha, mbwa na kondoo walilala zizi moja, ndiyo maana sikuwaza. Je, nimefanya kosa? Anaweza kumpiga risasi kweli? Na Bobi nimfanyeje?"

Marahaba, dada yangu. Nianze na mumeo, kwa sababu kauli yake ndiyo ninayoisikia kuliko zote kwa wenye mbwa, na karibu kila mara inasemwa kwa nia njema: hakung'ata. Mbwa hahitaji kung'ata ili kumuua kondoo. Kumkimbiza kunatosha, na mwezi Februari kunatosha zaidi.

Piga hesabu nami. Wafugaji wa milima ile huwaachia madume kwa majike kwenye Novemba. Mimba ya kondoo huchukua siku 147 hivi, kwa hiyo watoto wanazaliwa Aprili, majani yanapoanza kuchipua na baridi kupungua makali. Mashamba ya chini, kwenye joto kidogo, huzalisha mapema zaidi, mengine tangu Januari. Basi hao "wakubwa watupu" uliowaona, walio wengi wao walikuwa na mimba ya miezi mitatu hivi, na baadhi mapacha. Wewe ulitafuta wanakondoo kwa macho ukakosa, ukahitimisha kwamba pako salama. Wanakondoo walikuwepo pale pale, tumboni.

Mwezi na nusu wa mwisho wa mimba ndio kijusi kinapokua kwa kasi kuliko wakati wote. Tumbo linajaa, nafasi ya chakula inapungua, na malisho yenyewe mwisho wa kipupwe ni hafifu. Kondoo wa aina hiyo anaishi ukingoni. Mkimbize dakika tano, manyoya yamelowa mgongoni, joto la mwili linapanda, misuli inajaa asidi, moyo unamwenda mbio. Akisimama utamwona anahema tu, na baada ya nusu saa anakula majani kama kawaida, nawe utasema amepona. Kondoo ni mnyama wa kuwindwa. Maumivu yake anayaficha, maana porini anayechechemea ndiye anayechaguliwa. Kinachofuata kinakuja baada ya wewe kufika nyumbani na kuvua viatu. Anaweza kutupa mimba siku kadhaa baadaye. Anaweza kususia chakula siku moja au mbili kwa hofu, na mwenye mapacha akisusa wakati huo mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe, ini linazidiwa, damu inajaa sumu. Anajitenga na wenzake, anakuwa kama kipofu, analala, haamki. Mfugaji anamkuta asubuhi akiwa hana alama hata moja, na anayejua sababu yuko Sheffield.

Kuna na kifo cha kona. Kundi likifukuzwa linakimbilia kwenye pembe ya ukuta wa mawe au langoni, wa nyuma wanawapanda wa mbele, wa chini wanakosa hewa. Hapo pia unaweza kuhesabu mizoga na usikute jino lililozama.

Na kama aling'ata? Usidanganyike na mdomo usio na damu. Manyoya ya kondoo ni mazito, yanafuta meno na yanaficha jeraha. Mgonjwa wa namna hii akiletwa mezani, jambo la kwanza ni mashine ya kunyoa. Unanyoa paja, au chini ya koo, unakuta matundu mawili madogo ambayo ungeyafunika kwa ncha ya kidole. Ukiibonyeza ngozi ile inateleza, haijashikana na kitu tena, na chini yake nyama imesagika imekuwa uji. Meno ya mbwa yanatoboa kidogo na kuponda sana, kwa sababu anashika halafu anatikisa. Bakteria wa mdomoni mwake wanabaki ndani ya nyama iliyokufa, na ukiwa msimu wa joto nzi wanataga humo humo. Wengi wa kondoo hawa tunawapa sindano ya kufa, si kwa sababu jeraha ni kubwa kwa macho, bali kwa sababu hakuna cha kushona.

Ndiyo maana nitakuomba jambo ambalo hujaniuliza: rudi kwa yule bwana. Nitalirejea.

Sasa kosa. Mimi ni daktari wa mifugo, si wakili, ila sheria hii imeandikwa kwa lugha ya wazi. Uingereza na Wales wanayo sheria ya mwaka 1953 ya kulinda mifugo dhidi ya mbwa. Inamhusu mwenye mbwa na pia yule aliyekuwa na mbwa wakati huo, hata kama kaazimwa tu kumtembeza. Kusumbua mifugo, kwa sheria hiyo, ni kushambulia, ndiyo, lakini pia ni kuikimbiza kwa namna inayoweza kuleta jeraha, mateso, kutupa mimba au kupungua kwa mazao. Zaidi ya hapo, kwa kondoo peke yao, ni kosa mbwa kuwa huru, bila kamba wala udhibiti wa karibu, ndani ya shamba lenye kondoo. Soma tena sentensi hiyo, halafu msomee mumeo. Mbwa wa mchungaji aliyefunzwa kazi amesamehewa, mbwa wa polisi na wa kuongoza vipofu vilevile. Bobi hayumo. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo.

Kwa miaka mingi faini ya sheria hiyo ilikuwa haivuki pauni 1,000, na wafugaji walilalamika kwamba ni bei ya mzaha kwa mtu aliyeua kondoo 20 wa mwenzake. Ng'ambo ya mpaka, Scotland, mzaha ulikoma mapema: tangu marekebisho ya mwaka 2021, adhabu inaweza kufika pauni 40,000 au kifungo cha miezi 12. Kando ya jinai kuna fidia. Sheria ya wanyama ya mwaka 1971 inamtwika mwenye mbwa hasara ya mifugo aliyoua au kujeruhi bila kuuliza kama ulizembea au la. Kampuni ya bima ya wakulima, NFU Mutual, ilikadiria kwamba mwaka 2023 mbwa walileta hasara ya pauni milioni 2.4 kwa mifugo ya Uingereza nzima, kondoo wakiwa wengi.

Bunduki nayo ni kweli. Sheria hiyo ya 1971 inampa mwenye mifugo utetezi akimpiga risasi mbwa anayesumbua mifugo yake au anayekaribia kuisumbua, iwapo hapakuwa na njia nyingine ya maana ya kumzuia. Hata mbwa aliyekwisha kufanya uharibifu anaweza kupigwa, kama bado yuko maeneo yale, hana mtu anayemdhibiti, na haiwezekani kumjua mwenyewe. Baada ya hapo ana saa 48 za kutoa taarifa polisi. Angalia mipaka yake: si leseni ya kisasi. Mbwa aliyekwisha rudi kwenye kamba mkononi mwako hapigwi kwa sababu ya hasira za jana. Lakini katika zile dakika tano, Bobi akiwa katikati ya kundi nawe huwezi kumwita akaja, uhai wake ulitegemea tu kwamba bunduki ilibaki nyumbani.

Labda kilichokuchanganya ni lile neno hifadhi ya taifa. Peak District ilitangazwa hifadhi mwaka 1951, mwaka ule ule na Serengeti, na kufanana kunaishia hapo. Serengeti huwezi kukuta shamba la mtu. Peak District karibu kote ni mali ya watu: kuna mashamba, nyumba, mifugo, hati miliki. Wewe una haki ya kupita, si haki ya malisho. Kwenye ile ardhi ya wazi ya milimani iliyofunguliwa kwa umma na sheria ya mwaka 2000, mbwa lazima awe kwenye kamba isiyozidi mita 2 kuanzia Machi 1 hadi Julai 31, na wakati wowote mwingine akiwa karibu na mifugo. Watu husoma tarehe hizo wakadhani Februari ni ruhusa. Sivyo, sehemu ya pili ya kanuni haina kalenda.

Sasa zizi la babu yako. Uliyoyaona Arusha ni ya kweli na yana sababu yake. Mbwa wa mchungaji, umasaini na kwingineko, analetwa kundini akiwa mtoto. Kati ya wiki ya 3 na ya 12 au 14 hivi ubongo wa mbwa unaandika orodha ya nani ni wa nyumbani. Anayelala na kondoo katika umri huo, anayewanusa, anayepigwa kichwa na kondoo jike akijifanya mjanja, anawaandika kondoo humo. Na kondoo wenyewe wanamwona kila siku ya maisha yao, hawastuki. Jambo hilo linatumika duniani kote: huko Namibia wafugaji wamepewa mbwa wa Kianatolia, walinzi wa mifugo wenye asili ya Uturuki, waliokuzwa pamoja na mbuzi ili wawafukuze duma. Bobi wiki zake hizo alizipitia kwenye kochi. Kwake kondoo ni kitu kikubwa cheupe kinachokimbia. Na kwa kondoo wa Peak District, mbwa ni yule anayekuja na mwenye shamba kuwaswaga. Akitokea mbwa jambo la kwanza ni kukimbia. Mmoja anakimbia kwa sababu ameona mbwa, mwingine anafukuza kwa sababu ameona anayekimbia. Hakuna aliye mbaya hapo.

Hilo linanileta kwa jirani yako na sindano yake. Hadithi kwamba mbwa "akionja" hana dawa ina punje ya ukweli, lakini punje si ile anayoidhani. Damu haina uhusiano. Windo la mbwa ni mnyororo: kuona, kukodoa, kunyemelea, kukimbiza, kushika, kuua. Wafugaji wa mbwa wa kuchunga waliukata mnyororo huo kwa kuchagua vizazi, ndiyo maana mbwa wa kuchunga kondoo wa Uingereza anakodoa, ananyemelea na kukimbiza, halafu anaishia hapo. Chotara wa husky ana mnyororo karibu mzima. Na hatua ya kukimbiza inajilipa yenyewe: hahitaji kukamata kitu ili afurahi, kule kukimbia ndiyo karamu. Bobi alilipwa dakika tano mfululizo, malipo makubwa kuliko biskuti zote ulizompa tangu azaliwe. Kwa hiyo ndiyo, atataka tena, na safari ijayo ataanza haraka zaidi na kwa umbali mkubwa zaidi. Hilo ni sababu ya kamba. Si sababu ya kumuua. Mahakama inaweza kuamuru mbwa adhibitiwe, na kwa kesi mbaya auawe. Kwa mnyama wa miaka miwili, kosa la kwanza, mwenyewe akiwa tayari kubadilika, mimi kama daktari singechukua hiyo sindano.

Basi nimfanyeje, unauliza. Jibu fupi: karibu na kondoo Bobi hafunguliwi tena maisha yake yote. Mengine yote ninayokuambia ni ya kumpa maisha mazuri ndani ya sharti hilo, si ya kuliondoa. Wako wakufunzi watakaokuahidi kumrudisha asijali kondoo kabisa. Mafunzo yanasaidia sana, lakini usije ukaweka rehani mifugo ya mtu kwa ahadi ya mkufunzi.

Kamba iwe ya kawaida, mita 2 au pungufu. Zile zinazojivuta kutoka kwenye kibweta cha plastiki ziache mjini. Mbwa wa kilo 25 akishachukua mita 5 za mbio, kibweta kinaruka mkononi, kinamfuata nyuma kikigonga mawe, naye anazidi kukimbia kwa woga. Na kamba ivaliwe kabla hujafungua geti, siyo baada ya kuona kondoo. Nchi ile ina vilima na kuta. Kondoo wamelala nyuma ya ukuta huwaoni, na Bobi amewanusa dakika mbili zilizopita.

Jifunze kumsoma. Mbwa anayetembea vizuri mdomo uko wazi kidogo, anahema, masikio yanazunguka huku na kule. Anapokamata kondoo kwa macho au pua, mdomo unafunga. Ni jambo dogo ambalo wengi hawajawahi kuligundua kwa mbwa wao wenyewe: kuhema kunakatika ghafla, midomo inabana, masikio yanaelekea mbele na kutulia, mkia unakakamaa, wakati mwingine mguu mmoja wa mbele unabaki hewani. Kuanzia mdomo kufunga una kama sekunde mbili, tatu, ambazo bado anakusikia. Geuka naye hapo hapo, uende upande mwingine kwa furaha na umlipe. Ukisubiri avute kamba, umechelewa. Wakati huo hata umwite kwa jina la babu yake hasikii, na si ukaidi.

Mazoezi ya kuitwa yaanzie jikoni. Nunua filimbi, ipulize mara mbili, mpe kipande cha ini la kuku lililochemshwa. Fanya hivyo mara chache kila siku mpaka sauti ile iwe na maana moja tu kichwani mwake. Kisha uani, kisha kwenye bustani ya mjini akiwa na kamba ndefu ya mita 10 iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani, kamwe si shingoni, kwa sababu akifika mwisho wa mita 10 kwa kasi anaweza kuumia shingo. Usiipulize kamwe filimbi pale unapojua hataitikia, unaiharibu. Baada ya miezi, mpeleke mahali ambapo kuna ukuta au uzio imara kati yenu na kondoo, umbali ambao anawaona lakini bado anakula kutoka mkononi mwako. Akiwatazama halafu akageuka kukutazama wewe, mlipe kwa ukarimu. Akikataa ini la kuku, mko karibu mno; rudini nyuma. Siku nyingine mtasogea, siku nyingine mtarudi nyuma kuliko mlipoanzia. Mkufunzi mzuri, asiyetumia maumivu, atafupisha njia hii.

Na mbio? Mbwa wa damu hiyo bila mbio atakula sofa. Uingereza sasa kuna viwanja vya kukodi kwa saa, vimezungushiwa uzio mrefu, unafunga lango unamwachia mbwa peke yake. Hapo mwache akimbie mpaka achoke, halafu Peak District mwende kwa kamba, kama watalii.

Utashauriwa mengine. Kola ya umeme: Wales waliipiga marufuku tangu mwaka 2010, na hata pale isipokatazwa siipendi. Mbwa haandiki maelezo ya kosa lake. Anaunganisha maumivu na chochote anachokitazama wakati huo, na kinaweza kuwa mtoto wa jirani. Kuna na ushauri wa zamani wa kumfungia mbwa zizini na kondoo dume mkali amtwange pembe. Nimeuelewa unakotoka, lakini utatoka na mbwa aliyevunjika mbavu, au dume aliyechanika, au mbwa aliyejifunza kwamba kondoo ni wa kupigana nao. Kidhibiti cha mdomo kinazuia meno, hakizuii mbio, na tumeshasema mbio ndizo zinaua. Kuhasi kuna faida zake nyingine; hii haimo.

Jambo moja linakwenda kinyume na haya yote, nalo lazima ulijue. Ng'ombe. Ukikatiza malisho yenye ng'ombe wenye ndama, Bobi akiwa kwenye kamba, wanaweza kumjia mbwa kwa hasira, na wewe uko katikati. Watu wanakufa hivyo Uingereza karibu kila mwaka, na wengi wao walikuwa na mbwa. Ng'ombe wakianza kuja kwa kasi, achia kamba. Mbwa atawashinda mbio, wewe hutawashinda. Kanuni rasmi za matembezi mashambani zinasema hivyo hivyo. Bora zaidi, ukiona ndama, zunguka mbali au tafuta njia nyingine.

Kinyesi nacho usiache malishoni ukidhani ni mbolea. Kinaweza kubeba vimelea vinavyotupisha ng'ombe mimba, na mayai ya minyoo tegu ambayo kwa kondoo hugeuka vifuko ndani ya nyama, machinjioni nyama inatupwa. Mpe Bobi dawa ya tegu mara kwa mara, na usimwache ale mzoga au kondo la nyuma msimu wa kuzaa. Sisi wa Afrika Mashariki tusilichukulie hili kama udhaifu wa Wazungu: minyoo ya jamii hiyo hiyo, inayopita kati ya mbwa na kondoo, ndiyo iliyowajaza watu wa Turkana uvimbe wa maji kwenye maini, na shirika la afya la Amref lilifanya kazi ya miaka huko kuwapasua wagonjwa na kuwapa mbwa dawa. Njia yake ni ile ile, mbwa anapewa viungo vya ndani vibichi vyenye vifuko.

Kwa wasomaji walio nyumbani, ambako tatizo ni mbwa wazururaji wanaoingia zizini usiku kwa makundi: kondoo aliyeng'atwa na mbwa asiyejulikana msimchinje haraka "nyama isiharibike". Kichaa cha mbwa kipo, Uingereza hawana. Mtenge, usimshike mdomo, mwite afisa mifugo, na aliyeshika mate au damu kwa mkono wenye mchubuko aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Nirudi kwa yule mwenye shamba. Wakili angekuambia usiseme neno kabla hujaongea naye, na ana haki ya kusema hivyo. Mimi nitakuambia kwamba kondoo hawamsubiri wakili. Tukio lilipotokea tu, mfugaji angejua ni shamba lipi, saa ngapi, na kwamba mmoja alianguka, angewaingiza bandani, angemtafuta aliyechechemea, angewaongezea chakula wenye mapacha na kumwita daktari mapema. Hata sasa zimepita wiki, anahitaji kujua kwa nini kondoo wake wanatupa mimba, maana akikosa sababu atadhani ni ugonjwa wa kuambukiza na atalipa vipimo vya kundi zima. Tena kondoo wa milima isiyo na uzio hawanunuliki hivi hivi mnadani: kila ukoo unajua upande wake wa mlima, mama anamfundisha binti, na jike akifa ramani ile inakufa naye.

Nenda bila Bobi. Nenda na mumeo, amsikie mwenyewe. Kama hujui nyumba ipi, polisi wanapatikana kwa namba 101 kwa mambo yasiyo ya dharura. Tukio likiwa linaendelea ni 999. Usianze na "mbwa wangu ni mpole," sentensi hiyo inawapandisha wafugaji presha. Sema tarehe, saa, shamba, ulichokiona, jina lako na namba ya simu. Anaweza kukufokea. Anaweza kupeleka mbele shauri, hilo ni juu yake. Akidai gharama, omba ankara ya daktari wake wa mifugo na idadi ya waliokufa kwa maandishi, kisha fungua bima ya Bobi usome kifungu cha hasara kwa watu wengine. Nyingi zina kipengele hicho na wenye mbwa hawajui. Ila kampuni za bima hutaka taarifa mapema, basi wapigie wiki hii.